Mtoto wa Agosti kwenye raga ya kaskazini

Wazazi wenzangu mliohamia Leeds, Wigan au St Helens, huku kaskazini mwa Uingereza, raga mtakayoikuta siyo ile ya Safari Sevens ya Nairobi; hii huitwa rugby league. Timu ina wachezaji 13, na ukishaangushwa mara sita mpira ni wa wapinzani. Mchezo huu ulizaliwa Huddersfield mwaka 1895, klabu za kaskazini zilipojitenga ili ziweze kuwafidia wachezaji wao, wengi wao watu wa migodi na viwanda, kwa siku walizokosa kazini. Hadi leo ni mchezo wa mitaa, na klabu kubwa husaka vijana jirani kabisa na uwanja wao.

Pesa nayo inawasukuma huko. Super League, ligi ya juu ya raga hii, ina kikomo cha mishahara cha takriban pauni milioni 2.1 kwa kikosi kizima kwa mwaka (mwanasoka mmoja nyota wa Ligi Kuu ya England huipita peke yake), kwa hiyo kulea wa kwako ni nafuu kuliko kununua. Jumapili utawaona wasaka vipaji kwenye mechi za watoto. Akifika miaka 14 au 15 kijana anaweza kuitwa kwenye mpango wa klabu, baadaye akademi, kisha timu ya akiba au mkopo kwa klabu ya daraja la chini. Wengi huachwa njiani.

Sasa tarehe ya kuzaliwa. Rika hukatwa kuanzia Septemba mosi hadi mwisho wa Agosti, kama darasani. Mwanangu ni wa Agosti, na anakabana na wenzake waliomtangulia kwa karibu mwaka mzima. Katika umri ule, mwaka ni ndevu na kilo nyingi. Watafiti wa raga hii hapa Uingereza wameonyesha zaidi ya mara moja kwamba vijana wanaoteuliwa wamejaa waliozaliwa mwanzoni mwa msimu huo wa shule. Kwa maoni yangu, nusu ya kinachoitwa kipaji pale ni kubalehe mapema tu.

Na klabu ya Leeds ndio wasingepaswa kusahau kwamba umbo si kipaji. Rob Burrow, zao la akademi yao, alikuwa na kimo cha mita 1.65. Alitwaa ubingwa wa Super League mara 8, na mara mbili, 2007 na 2011, akawa mchezaji bora wa fainali, akipenya katikati ya majitu.

Baadhi ya makocha siku hizi hupima urefu wa mtoto akiwa amesimama na akiwa ameketi, wakakadiria amebakiza kukua kiasi gani, kisha wakawapanga mazoezini kwa ukuaji badala ya umri. Mkialikwa, waulizeni kama wanafanya hivyo. Waulizeni pia kijana atasomea nini akiwa akademi, na anayeachwa akiwa na miaka 16 huruhusiwa kujaribu tena lini.