Kibali cha kuwashia jiko

Jamani leo nimeshinda onlaini kwenye karatasi zilizoskaniwa za YIVO, ile taasisi ya Wayahudi iliyoanzishwa Vilna (leo Vilnius, Lithuania) mwaka 1925 na sasa ipo New York. Kiyidi chenyewe, lugha ya Wayahudi wa Ulaya Mashariki, sikijui hata neno, nakodolea macho tu zile herufi.

Nilikuwa namfuatilia mshairi Abraham Sutzkever.

Mwaka 1942 Wanazi walimlazimisha yeye na wenzake kuchambua vitabu na miswada ya Wayahudi pale Vilna, ikiwemo ya YIVO, vichache vipelekwe Ujerumani, vingine vyote vikasagwe viwandani. Wao wakawa wanaficha vitu ndani ya nguo wanapita navyo getini kurudi geto, yaani mtaa walikofungiwa Wayahudi, na hapo ukidakwa unaweza kufa.

Sasa sikieni hii.

Sutzkever akamwendea bosi Mjerumani, akaomba kibali cha kubeba karatasi taka akawashie jiko kwake. Akapewa! Basi hizo "taka" ndani yake kulikuwa na barua na miswada ya waandishi akina Tolstoy na Sholem Aleichem 😂 mtu ana roho ngumu huyu.

Vita vikaisha, yeye akapona, akafariki Tel Aviv 2010. Halafu 2017 ikatangazwa kuna karatasi zingine zimepatikana Lithuania, na humo yamo mashairi yake mwenyewe, ya geto, kwa mwandiko wake.

Hapo kwenye mwandiko ndo nimekwama mpaka chai imepoa.

Haya, nani hapa kwao kuna daftari za mashairi za babu au bibi? Mmezitunzaje? Semeni hapo chini, na picha kama zipo.