Am imelia! Gitaa la G ya wazi na vidole viwili vya kushoto

Hatimaye kordi ya Am, ile ya huzuni, imelia safi bila kugeuka A, ile ya furaha. Naandika furaha ikiwa bado moto.

Mkono haujabadilika: kidole cha pete na cha mwisho cha kushoto havikunji tangu kiganja kilipovunjika, na kwa umri wangu sitegemei tena vikunje. Ndiyo maana niliiacha kordi ya F, inayodai vidole vingi, na kuhamia G ya wazi, yaani nyuzi zinazotoa kordi ya G bila kukanyagwa: uzi wa sita umeshuka hadi D, wa tano G, wa kwanza D. Ukilaza kidole cha shahada juu ya nyuzi zote freti (chuma cha shingo) ya 5 unapata C, ya 7 unapata D, na nyimbo nyingi za gitaa kavu zinaenda kwa hizo tatu. Em nayo ni vidole viwili tu, uzi wa nne na wa kwanza, freti ya 2.

Am ndiyo iliyonitesa. Kidole cha kati kinatakiwa kikanyage uzi wa nne na wa tatu kwa pamoja freti ya 2, huku cha shahada kikiwa uzi wa pili freti ya 1. Tatizo ni nyama ya kidole cha kati. Ukikilaza kidogo tu kinagusa uzi wa pili, na badala ya C unasikia C#. Huzuni yote ya wimbo inapotea kwa milimita moja! Nilishusha dole gumba nyuma ya shingo, nikageuza kiwiko, nikakata kucha hadi kwenye nyama. Wapi.

Kilichofanya kazi ni kapo, kile kibano cha kubana nyuzi zote shingoni, freti ya 3. Kwenye gitaa lenye nyuzi za urefu wa milimita 650, nafasi ya freti ya kwanza ni kama milimita 36. Ukiweka kapo freti ya 3, nafasi ya kwanza inayofuata ni kama 31. Lakini kwangu upana si hoja kubwa. Hoja ni kwamba mkono unasogea karibu na mwili, kifundo kinanyooka, na kidole cha kati kinasimama badala ya kulala. Nimehamishia pia gitaa paja la kushoto, mguu juu ya kigoda. Sauti inayotoka ni Cm, sawa, koo langu linaipenda zaidi.

Uzi wa tano siupigi kabisa kwenye kordi hiyo. Dole gumba la kulia linaanzia wa nne. Jean-Bosco Mwenda, mpiga gitaa wa Kongo, alijaza nyumba kwa dole gumba na kidole cha shahada tu, kwa hiyo mkono wa kulia hauna deni.

Kuhusu kapo: nunueni ya skrubu. Ya springi inadai ukamue kwa nguvu, na mkono wenye maumivu hauna nguvu ya kupoteza hapo. Nyuzi ziwe nyembamba, za inchi 0.010, basi. Watu wananitajia kila wakati Django Reinhardt, mpiga gitaa wa jazz aliyeumia vidole viwili vya kushoto. Namheshimu sana, lakini moto ulipomuunguza mwaka 1928 alikuwa tayari mpigaji. Sisi tunaoanza na mkono uliokwisha kukakamaa tunahitaji njia yetu.

Mpango wa wiki hii ulikuwa skeli. Umesimama, kwa sababu jana fundi friji jirani alinipa kipande cha bomba la shaba, na kinaingia barabara kwenye kidole cha mwisho. Kidole kisichokunja! Kuteleza juu ya nyuzi hakuhitaji kukunja hata kidogo, na kwa G ya wazi kila freti ni kordi kamili. Nimeteleza toka ya 5 hadi ya 7 nikasisimka mwili mzima.

Kikwazo ni kwamba nyuzi ziko chini mno, bomba linagonga freti. Nilikuwa nimepiga msasa ule mfupa wa kwenye daraja, milimita 1 chini, ili nyuzi zishuke nusu milimita kwenye freti ya 12, na vidole vyangu vinauhitaji ubaki hivyo. Kesho nampelekea fundi seremala mfupa wa ng'ombe achonge wa pili, mrefu zaidi, niwe nabadilisha.