Maiki Inayooshwa kwa Sabuni

Harusi ilikuwa Majengo, kwenye kiwanja kilichofungwa maturubai, wanawake mbele karibu na jukwaa, wanaume wamejitenga nyuma. Mimi nilikuwa kijana wa kubeba spika na kuvuta nyaya, chini ya fundi mitambo mmoja mkali asiyependa maneno mengi.

Binamu wa bwana harusi alikuwa ametoka Dubai, akaja na maiki yake ndani ya sanduku: nene, inang'aa, ya kurekodia studio. Akashikilia kwamba mwimbaji lazima aitumie. Fundi akamtazama tu, akaichomeka. Maiki ile ilikuwa kondensa, inataka volti 48 kutoka kwenye mixa, ile mashine ya kuchanganyia sauti, ndipo iamke, na ikishaamka haichagui cha kusikia. Studio, hiyo ni sifa. Penye spika kubwa, dumbaki na vigelegele, ni balaa. Tulipopandisha sauti kidogo tu, ikasikia spika, spika ikairudishia, ikasikia tena, mluzi ukatoka hapo watoto wakaziba masikio.

Mwimbaji, mama wa makamo aliyekulia kwenye mahadhi ya Kihindi ya Juma Bhalo, yule mwimbaji wa taarabu wa Mombasa, hakubishana na mtu. Alifungua mkoba, akatoa maiki yake iliyoviringwa kwenye leso: Shure SM58, rangi imechubuka, kichwa cha wavu kimebonyea upande mmoja. Akakizungusha kichwa kikafunguka. Ndani mna sponji nyembamba, akanisogezea puani. Sabuni ya kuogea, na udi kwa mbali.

"Mama, huiosha?"

"Huiosha, nikaianika hata ikauke ndo nikairudisha. Mimi nitie mdomo palipotemewa mate na watu? Hasha, mwanangu."

Tangu siku ile nimenusa maiki nyingi za kukodi. Mama yule alikuwa na haki.

Fundi aliichomeka bila kuwasha zile volti. Maiki ya dainamiki haina haja nazo: sauti hutikisa utando, utando huchezesha koili ya waya ndani ya sumaku, umeme ukazaliwa humo humo. Kisha akaniamuru nigeuze spika ya mwimbaji imwelekee usoni, mgongo wa maiki uikabili, maana maiki hii husikia mbele na nyuma ni kama kiziwi. Mluzi ukakoma. Mama akaanza ubeti kwa chini, midomo ikigusa wavu, sauti ikajaa uzito ambao maiki hizi huongeza ukizikaribia. Alipofika pa kupandisha akaivuta mbali na mdomo, mkono na koo vikienda pamoja. Fundi hakugusa mixa. Kazi yake ilikuwa ikifanywa jukwaani.

Baina ya nyimbo, binamu akapanda kutangaza, akakikumbatia kichwa cha maiki kwa viganja viwili kama wafokaji wa kwenye televisheni. Mluzi ukarudi, kwani ukiziba zile tundu za chini ya wavu maiki husikia pande zote.

"Shika mpini, babangu," mama akamwambia, maiki ikiwa wazi, kiwanja kizima kikasikia. "Hicho kichwa si embe."

Wakati wa tunza ndipo roho ilipotupaa. Wanawake walimjia na noti kwa fujo, mmoja akamkumba mkono, maiki ikaanguka kwenye sakafu ya saruji. Kishindo chake kwenye spika kilikuwa kama mlango wa chuma. Mama akainama, akaiokota, akapuliza vumbi, akaendelea na ubeti alipouacha.

Tulipokuwa tunakunja nyaya, binamu alikuja kwa fundi, safari hii kwa adabu, akauliza kama anaweza kupata ya namna ile mjini.

"Tangu 1966 wanaitengeneza, kwa nini usipate? Lakini za bandia zimejaa. Ipime mkononi kwanza. Ya kweli yakaribia gramu 300. Ukiiona nyepesi, mrudishie mwenyewe, na usimwachie hata shilingi ya kubuki."