Alisema gari lina turbo

Jumamosi iliyopita usiku kijana mmoja aligonga mlango wangu. Hajamaliza hata mwaka hapa Minnesota. Nje alikuwa ameegesha gari jipya la spoti, namba za muda bado za karatasi, na mkononi ameshika karatasi ya njano. Sikuhitaji kuisoma. Nakala yangu ya mwaka juzi, kutoka yadi hiyohiyo ya magari, iko kwenye droo ya jikoni.

"Kaka, si nina siku tatu za kulirudisha?"

Ilibidi nimwambie hapana. Alikaa kwenye kochi bila kuvua koti na hakusema kitu kwa muda mrefu. Ndiyo maana naandika.

Nianze na karatasi yangu, orodha ya nyongeza za muuzaji juu ya bei ya kiwanda. Ilibandikwa kwenye kioo cha gari pembeni ya stika ya kiwandani, ukubwa uleule, maandishi yanafanana, ili mtu mwenye haraka aone ni kitu kimoja. Marekebisho ya soko, dola 5,000. Kinga ya rangi na viti, dola 1,295. Kuchora namba ya chasisi kwenye vioo, dola 399. Naitrojeni kwenye matairi, dola 199. Jumla dola 6,893, juu ya gari ambalo kiwanda kimeliandikia dola 33,300. Dola 199 za upepo, ndugu zangu, na hewa hii tunayovuta bure asilimia 78 yake ni naitrojeni.

Nina miaka kumi na moja hapa, tisa kati ya hiyo nimeshika usukani wa lori la magurudumu 18. Kwa anayetaka kuniuliza, nyumba ya mama iliezekwa zamani na mdogo wangu wa mwisho amemaliza chuo. Hili gari nilijinunulia mimi. Nilitaka Toyota GR86, gia za mkono. Nilikuwa nimelisoma kwa miaka miwili kwenye vituo vya lori, usiku, nikisubiri mzigo. Ni gari ambalo Toyota na Subaru wamelitengeneza pamoja, pacha wake ni Subaru BRZ, na yote mawili yanatoka kwenye kiwanda cha Subaru mkoani Gunma, Japani. Injini ni boksa ya lita 2.4, pistoni zimelala, nguvu za farasi 228, haina turbo. Magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Difu ni ya Torsen, ile inayozuia tairi moja kuzunguka bure huku jingine limelala. Sisi tuliokua na Toyota na Subaru hatuhitaji kuelezwa sana.

Nilikwenda yadi nikitoka kazini, na kizibao changu cha kung'aa. Muuzaji hakunyanyuka. Alisema, "Vipuri vinapokelewa mlango wa nyuma." Nikamwambia nimekuja kununua lile jekundu. Hapo akasimama, mkono mbele, tabasamu limejaa uso mzima. Niliupokea ule mkono. Nimeshaambiwa makubwa zaidi ya hayo nchi hii na nikaendelea na safari zangu.

Kilichonichoma kilikuja baadaye. Nikamuuliza habari za injini. Akasema, bila hata kupepesa, "Ina turbo, ndiyo maana inakimbia." Nikamwomba afungue boneti anionyeshe hiyo turbo ilipo. Akapapasa kutafuta kifyatuo, akakikosa, nikakishika mimi. Akaangalia ndani na kuonyesha kidole mahali fulani. Kuhusu magurudumu akasema, "Kwa kuwa ndani ni Subaru, linavuta yote manne. Theluji usiiogope kabisa."

Naomba msomaji aelewe kauli hiyo ina uzito gani Minnesota. Ni kweli Subaru nyingi zinavuta magurudumu yote manne, lakini hawa mapacha hapana. Na toleo nililokuwa nalitazama lilivaa Michelin Pilot Sport 4 za inchi 18, matairi ya kiangazi. Baridi ikikaribia sufuri mpira wake unakakamaa na kupoteza mshiko, hata kabla ya theluji. Sasa mchukue mgeni aliyefika juzi, hajawahi kukanyaga barafu, amwamini yule bwana, aingie barabara kuu mwezi Januari na gari la kusukuma nyuma juu ya matairi yale. Mimi nimeona kwa macho yangu, kutoka juu ya kibini, magari yaliyoegemea vizuizi vya barabarani asubuhi za namna hiyo. Yule mtu hakunidanganya ili apate pesa zaidi. Hakujua, na akaona aibu kusema hajui, basi akatunga.

Nikaingia ndani ya gari. Mita ilisoma maili 387. Gari jipya kwa kawaida huwa na maili chache tu za kushushwa na kusogezwa. Akasema, "Hizo ni za kutoka bandarini." Gari hutoka bandarini juu ya treni au lori, mimi ndiye dereva wa lori hapo. Nikashuka, nikapiga goti nyuma ya gurudumu la kulia, nikaingiza kidole ndani ya madgadi. Kilitoka cheusi, na chembechembe za mpira zimeganda pale kama punje za pilipili manga. Mtu alikuwa ameyachoma matairi yale kwa kuyazungusha palepale. Kitabu cha gari kinataka injini ibembelezwe kwa maili 1,000 za mwanzo, na hili lilikuwa limeshaonjwa na kila aliyekuja kujaribu. Kwa sheria bado linaitwa jipya, kwa kuwa halijaandikishwa kwa jina la mtu. Kuita jipya waite, lakini bei wapunguze na maili waseme ukweli.

Akaja meneja. Huyu alijua kila kitu, na ndiye wa kuogopwa. Hakugusa bei. Aliuliza swali moja tu: "Kwa mwezi unaweza kulipa ngapi?" Kisha akachora kwenye karatasi miraba minne, kila kisanduku na tarakimu yake, akawa anahamisha namba huku na huko mpaka kichwa kinazunguka. Mwisho akapigia mstari dola 593 kwa mwezi. Inasikika vizuri. Nikatoa simu nikazidisha mara 72, maana ndiyo miezi aliyoiandika kwa herufi ndogo. Dola 42,696. Ongeza kianzio changu cha dola 10,000. Dola 52,696, kwa gari la dola 33,300.

Riba aliyoiweka ilikuwa asilimia 8.9. Mimi mfukoni nilikuwa na barua ya chama changu cha akiba na mikopo, mfano wa SACCOS zetu, asilimia 6.4. Kwa mkopo uleule na miezi ileile, tofauti ni kama dola 40 kwa mwezi, karibu dola 2,900 mpaka mwisho. Inakuwaje? Benki humpa mwenye yadi riba yake, naye huruhusiwa kuiongezea kidogo kabla ya kukuonyesha wewe, na ile nyongeza wanagawana. Ni halali. Hawatakuambia usipouliza. Nilipoiweka ile barua mezani meneja akaniambia kwamba nisipofanya sevisi kwake, waranti ya kiwanda itakufa. Huo ni uongo mtupu, kuna sheria ya mwaka 1975 inayokataza kumfunga mteja namna hiyo. Unaweza kufanya sevisi kwa fundi unayemtaka, tunza risiti tu.

Leseni yangu ilikuwa kwenye droo yao dakika arobaini. Niliidai mara tatu. Nilipoipata, nikaomba nakala ya ile karatasi ya njano, nikaondoka.

Baadaye nilijisomea. Stika ya kiwandani yenyewe ina historia. Kabla ya mwaka 1958 mnunuzi wa Marekani naye alikuwa anauziwa mbuzi kwenye gunia, kila yadi na bei yake ya kubuni. Seneta Mike Monroney wa Oklahoma ndiye aliyepigania sheria, na mpaka leo stika inaitwa kwa jina lake. Inataja bei ya kiwanda, kila nyongeza iliyokuja na gari, gharama ya usafirishaji, na gari limeunganishwa wapi. Hairuhusiwi kubanduliwa kabla gari halijafika mikononi mwa mnunuzi. Lakini bei ile ni pendekezo. Mwenye yadi ni mfanyabiashara anayejitegemea, na sheria za majimbo mengi zinazuia kiwanda chenye mawakala kukuuzia moja kwa moja. Kwa hiyo huwezi kumruka, na njano yake anabandika anavyotaka. Tume ya Biashara ya serikali kuu ilitunga kanuni Desemba 2023 ya kuzuia bei za mtego na nyongeza zisizo na faida kwa mteja. Mahakama ya rufaa ikaitupa Januari 2025. Usikae unasubiri serikali ikutetee.

Na hizo siku tatu ambazo kila mgeni ameambiwa na mgeni mwenzake, zipo, ila ni za mtu aliyekufuata na bidhaa nyumbani kwako au ukumbini. Gari ulilosaini kwenye yadi ya muuzaji ni lako.

Kwa hiyo, mdogo wangu unayejiandaa kuja, au uliyefika mwezi jana: mwaka wa kwanza panda basi, au nunua gari kuukuu linalotembea. Huna historia ya mikopo, na hapa asiye na historia anauziwa pesa ghali. Jiunge na chama cha mikopo siku utakayopata mshahara wa kwanza. Ukiwa tayari, nenda na barua yao mkononi, zungumza bei nzima ya kutokea getini na kodi yake, na neno "kwa mwezi" ulikatae mpaka mwisho. Piga simu ya bima kabla, maana la spoti lina bima yake, na kama una umri chini ya miaka 25 utashtuka. Usiondoke na gari ambalo mkopo wake bado "unashughulikiwa". Rafiki yangu alipigiwa simu siku ya kumi, gari ameshawaonyesha mpaka wakwe kwa video, akaambiwa mkopo umekataliwa, arudi asaini riba mpya au alirudishe. Akasaini.

Yule kijana wa Jumamosi tulikaa naye mpaka saa saba usiku tukipekua makaratasi yake. Gari halirudi, lakini waranti ya nyongeza na ile bima ya kufidia pengo la mkopo, ambazo hakujua kama amezinunua, mkataba wake unaruhusu kuzifuta. Tulizikuta ukurasa wa tisa. Tumeandika barua mbili, na Jumatatu amezituma kwa rejista. Kinga ya rangi wamesema imeshapakwa. Tumeomba waonyeshe lini na nani alipaka.

Gari langu nililipata Wisconsin, mwendo wa saa mbili. Aliyenipokea ni mama wa miaka sitini na kitu, miwani imening'inia kifuani. Nilikuwa nimeshakasirika tayari kabla hajafungua mdomo, nikamrushia swali la difu kama mtihani. Akavaa miwani, akatazama stika, akanitazama. "Sijui," akasema. "Subiri nikamlete anayejua." Akaenda karakana, akarudi na fundi kijana anayejifuta mikono, na yule fundi akanieleza Torsen kwa vidole vyake viwili na kitambaa. Mama amesimama pembeni anaandika kwenye kijitabu. Fundi akataja na matairi, kwamba ni ya kiangazi, nisithubutu nayo baridi ikianza. Mama akaandika na hilo.

Mita ilisoma maili 6. Hakuna njano kwenye kioo. Nililipa bei ya stika, kodi, na ada ya makaratasi, kwa mkopo wa chama changu, na pale ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza kwamba mnunuzi wa GR86 mpya hupewa uanachama wa mwaka mmoja wa National Auto Sport Association, chama cha mbio za magari, na siku moja ya kufundishwa kuendesha kwenye uwanja wa mbio. Mama alikuwa na fomu yake tayari. Yule wa kwanza hakuwahi hata kuitaja.

Oktoba, nikiwa Nebraska na mzigo, simu ikaita namba nisiyoijua. Ni yeye. Alisema wiki ile baridi inashuka na amekumbuka yale matairi, je, nimepata mengine? Nikamwambia ya baridi nimeshayafunga tangu Jumapili. "Vizuri," akasema, na nikasikia karatasi ikifunuliwa upande wa pili. "Basi nakukata kwenye orodha, nimebakiza watu wawili wa kuwapigia."