Siku Moja Maishani Mwangu: Naandaa Mafaili ya Viza za Familia, Unguja

Saa 12 asubuhi

Leo Ijumaa. Kabla ya chai nimeshasoma ujumbe wote ulioingia usiku. Wateja wangu ni familia zilizogawika: mmoja yuko Unguja au Pemba, mwenzake yuko Uingereza, Kanada au Oman, na aliyeko ng'ambo huandika anapotoka zamu. Nasoma tu. Swali la viza silijibu mpaka faili liwe mbele yangu, kwa sababu neno moja la haraka linaweza kumfanya mtu akalipe ada ambayo hairudi.

Kazi yangu ni kuandaa maombi ya viza na ukaazi ya familia. Mke anamfuata mume, watoto wanamfuata mama, mgeni ameoa hapa na anataka kuishi hapa kihalali. Ofisi ni chumba kimoja jirani na Michenzani: meza, skana, kabati la mafaili na viti vya wageni. Makaratasi ya hapa ndiyo fani yangu. Likija suala la sheria ya Uingereza, nashirikiana na mshauri aliyesajiliwa kule. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1999, anayefanya biashara ya ushauri wa uhamiaji bila kusajiliwa au kuwa mwanasheria anatenda kosa la jinai. Kanada nao wana chuo chao cha kusimamia washauri. Kwa hiyo mtu akikwambia ana "wakili wake" huko, mwombe namba ya usajili, kisha ikague mwenyewe kwenye orodha yao ya wazi. Haichukui muda.

Saa 2 asubuhi

Wa kwanza ni kaka mmoja kutoka Fuoni. Amekuja na bahasha, ameikumbatia. Mke wake aliondoka mwishoni mwa mwaka 2024 kwenda Uingereza kufanya kazi ya kuhudumia wazee. Watoto wawili wamebaki na baba. Ajenti mmoja alichukua pesa zake kwa ahadi kwamba ndani ya miezi mitatu yeye na watoto watakuwa wamemfuata.

Nimesoma kila karatasi iliyomo ndani, kisha nikamwambia ukweli akiwa bado hajamaliza maji niliyompa. Aliyeingia Uingereza tangu tarehe 11 Machi 2024 kwa viza ya kazi hiyo ya kuhudumia wazee na wagonjwa haruhusiwi kuchukua mume, mke wala watoto. Walioanza njia hiyo kabla ya tarehe hiyo wana hukumu yao. Mke wake aliingia baada ya tarehe hiyo.

"Kwa hiyo dada, yule ajenti alikuwa hajui?"

Kama alijua au hakujua sina uwezo wa kulisema. Nilichoweza kumwambia ni kwamba kanuni ilikuwa imeshatangazwa pesa zilipochukuliwa. Tukakaa tukaandika tarehe za malipo, namba za miamala na ujumbe wa simu, ili akienda polisi awe na kitu mkononi. Mke anaweza kuja likizo. Yeye anaweza kuomba viza ya matembezi, lakini hiyo ni ya kwenda na kurudi, na nimemsihi asidanganywe kwamba ataingia kwa matembezi kisha atabadilisha hukohuko.

Sikumtoza kitu. Naamini kwa dhati kwamba msaada mkubwa kabisa katika kazi hii ni kumzuia mtu asiombe pale ambapo hakuna njia. Vishoka hawasemi "hakuna njia", maana hawaishi kwa hilo.

Saa 4 asubuhi

Dada mmoja wa Wete ameshuka na boti ya Pemba, amefika na mama yake na mkoba mzima wa karatasi. Mume wake ni mkaazi wa kudumu Uingereza. Ndoa ina miaka mitatu, mume amekuja mara kadhaa, wana mtoto wa kike. Ukiwaona wanavyoongea kwenye simu huhitaji ushahidi mwingine. Afisa atakayeamua, lakini, hatawaona. Ataona karatasi.

Na karatasi zina mambo yake. Jina la babu kwenye pasi ya kusafiria ni Khamis, kwenye cheti cha kuzaliwa ni Hamis. Sisi hatuoni tofauti, ni mtu yuleyule, matamshi ndiyo yameandikwa kwa mikono miwili. Kwa afisa wa mbali ni majina mawili. Tutaanzia kwenye Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii kusahihisha cheti. Barua ya Sheha, yaani kiongozi wa serikali wa mtaa wao, na hati ya kiapo zitakwenda pamoja na maombi hayo. Nimemkataza kabisa kugusa cheti kwa kalamu. Kuna watu "husaidiwa" hivyo, herufi moja ikaongezwa kwa wino mweusi, na hati iliyokuwa ya kweli ikawa ya kughushi. Katika maombi ya viza ya Uingereza, udanganyifu unaweza kumfungia mtu hadi miaka 10.

Halafu fomu inataka jina la ukoo. Huyu wa kwake ni babu yake, mume wa kwake ni babu yake yeye, na mtoto jina lake la mwisho ni babu mzaa baba, yaani jina la pili la mume. Watu watatu wa nyumba moja, majina matatu ya mwisho tofauti. Naandika aya moja kwenye barua ya maelezo kueleza kwamba Zanzibar tunaitwa kwa jina letu, la baba na la babu, na mke habadilishi jina akiolewa.

Picha za ndoa ndizo zilizonikalisha zaidi. Amezitandaza mezani. Msikitini: mume kwa kanzu na joho, walii, Kadhi, mashahidi, vijana wamejaa. Bibi harusi hayumo. Nyumbani: bibi harusi amepambwa hina mpaka viwikoni, kazungukwa na wanawake watupu. Bwana harusi hayumo. Picha ya wawili pamoja ni moja, ya usiku, na shangazi amekatwa kichwa. Kwa mtu asiyejua ndoa zetu, hii ni harusi ya watu ambao hawakukutana. Kwa hiyo kila picha inaandikwa nyuma: nani, wapi, lini, na kwa nini wanaume wako peke yao. Walii ndiye anayeozesha, bibi harusi anakuwa nyumbani, na ndoa ni halali kwa Mungu na kwa Serikali. Tunaongeza tiketi za mume za kila safari, risiti za pesa anazotuma, picha za mtoto akiwa mikononi mwa baba, na mazungumzo machache ya simu ya kila kipindi. Machache. Afisa hana haja ya kusoma mapenzi yao yote.

Mama yake amesikiliza kimya, kisha ananiuliza: "Mwanangu, wao hawaamini mpaka wapewe picha?" Nimemjibu kwamba hawamjui binti yake, basi tunamjulisha.

Bado kuna mtihani wa Kiingereza wa ngazi ya A1, kusema na kusikiliza tu, na kipimo cha kifua kikuu, ambacho kwa Tanzania hufanyika Dar es Salaam kwa Shirika la Kimataifa la Uhamiaji. Cheti chake hutumika kwa miezi 6 tu, kwa hiyo kipimo hakifanywi mapema kupita kiasi. Cheti cha ndoa cha Kiswahili kitafasiriwa, na mfasiri ataweka jina kamili, tarehe, saini na mawasiliano yake.

Saa 6 mchana

Adhana ya Ijumaa imekaribia, mji umeshaanza kunyamaza. Nimepitia faili moja la Oman, mke anayekwenda kuungana na mume Muscat. Kule shida kubwa ni mihuri: cheti kithibitishwe na Wizara ya Mambo ya Nje kwanza, ubalozi baadaye. Ukivuruga mpangilio huo unarudishwa. Wali wa nazi na samaki wa kukaanga, sala, kisha kazi.

Saa 9 alasiri

Hili ndilo faili zito la leo. Mama wa miaka sabini na kitu, ameletwa na binti yake wa Jang'ombe, na mtoto wa kiume yuko kwenye simu kutoka Uingereza, tumemweka kwenye spika. Mama alianguka mwaka jana, hapandi ngazi, kuoga ni mpaka ashikwe. Kijana anataka kumchukua akaishi naye.

Tangu Julai 2012 masharti ya kumchukua mzazi ni magumu mno. Lazima ionekane kwamba kwa sababu ya uzee, maradhi au ulemavu mama anahitaji uangalizi wa muda mrefu katika mambo ya kila siku, na kwamba uangalizi huo haupatikani huku, au haumudiki, hata mtoto akituma pesa. Na mdhamini ajifunge kumtunza kwa miaka 5 bila msaada wa serikali.

Sharti la kwanza analo. La pili limeketi pembeni yake. Binti ndiye anayemuogesha, anayempikia, anayeamka naye usiku. Kwa macho ya kanuni ile, uangalizi upo. Nilipolisema hilo, binti alitazama chini, akasema, "Mimi nimechoka, dada. Hilo linaandikwa wapi?"

Linaandikwa. Nimemwambia tutahitaji ripoti ya daktari yenye maelezo kamili, barua ya Sheha kuhusu nani anaishi na mama, na maelezo yake mwenyewe: kazi aliyoiacha, afya yake, watoto wake. Lakini kijana nilimwambia bila kupakapaka kwamba maombi haya hukataliwa kwa urahisi, na kwamba mshauri wetu wa kule lazima asome ripoti ya daktari kabla yeye kijana hajalipa hata pauni moja. Akasema yuko tayari kuuza gari. Nikamwomba asiuze.

Mama alikuwa kimya muda wote. Nikamgeukia: "Bi mkubwa, wewe mwenyewe wataka kwenda?"

"Nataka kumuona mwanangu. Kukaa kule mimi sikusema. Kaburi langu mimi nimeshawaambia, Mwanakwerekwe."

Simu ilinyamaza. Baada ya hapo mazungumzo yalibadilika: tukaanza kuhesabu pesa za kijana kuja mwenyewe mara nyingi zaidi, na za kumlipa mtu wa kumsaidia dada yake mchana. Faili sijalifunga. Nimewaomba wakae nalo wiki mbili, na safari hii wamuulize mama kwanza.

Saa 11 jioni

Simu kutoka kwa dada wa Bububu aliyeolewa na mgeni. Anauliza kama mumewe anaweza kuomba uraia wetu kwa sababu ya ndoa. Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inampa mlango huo mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania. Mwanamume mgeni hakupewa. Na yeyote anayechukua uraia wetu ukubwani huacha wa kwao. Kwa hiyo mume atahitaji kibali chake cha kuishi. Mimi nalisema wazi: naona sheria hii inawaonea dada zetu.

Saa 2 usiku

Mume wa yule dada wa Wete ametoka kazini, nami nimekaa sebuleni na kompyuta. Kiwango cha kipato kwa anayemleta mke ni pauni 29,000 kwa mwaka tangu tarehe 11 Aprili 2024. Kabla ya hapo kilikuwa 18,600. Yeye amekivuka kidogo. Juu ya ada ya maombi kuna malipo ya huduma ya afya, pauni 1,035 kwa mwaka, na viza hii ya miezi 33 huhesabiwa miaka 3, yaani 3,105.

Tunakwenda slipu kwa slipu. Anasoma kiasi kilichoingia mkononi, mimi natafuta kiasi hichohicho kwenye stetimenti ya benki. Mwezi wa kwanza upo. Wa pili, wa tatu. Wa nne haumo.

"Ah, mwezi ule bado mshahara ulikuwa ukiingia benki ya zamani."

"Basi nitataka na stetimenti ya benki ya zamani."

"Niliifunga ile akaunti."

"Hata ikifungwa, kumbukumbu wanazo. Waombe."

Na mwajiri aandike barua: cheo, mshahara, tangu lini, mkataba wa aina gani. Ameahidi kuomba vyote viwili Jumatatu. Cheti cha mkewe nacho nimekipangia Jumatatu asubuhi kwa Wakala. Fomu hatuijazi kabla ya hapo.