Maswali Ambayo Seva Haiulizi Tena

Jioni hii nimemaliza kuliandika upya faili la majibu, lile linalojibu mapema maswali ya kisakinishi, ambalo seva zetu za mbali hulitumia kujisakinishia mfumo endeshi wa Debian, na kilichonichosha si wingi wa mistari bali mstari mmoja tu.

Njia yenyewe ni ya zamani. Ni PXE, utaratibu wa kuiwasha mashine kupitia mtandao badala ya diski yake, ambao toleo lake la 2.1 lilitolewa na Intel mwaka 1999. Ninatuma amri kwa kidhibiti kidogo kilichomo ndani ya seva, ambacho hubaki kikipata umeme hata mashine yenyewe ikiwa imezimwa, nikiiagiza iwake kupitia mtandao kwa mara hiyo moja tu. Kadi ya mtandao huomba anwani kwa DHCP (huduma inayogawa anwani za mtandao), huelezwa faili la kuanzia, hulivuta kwa TFTP (njia sahili ya kuhamisha mafaili), kisha kisakinishi hushika zamu. Kwa kuwa TFTP kwa kawaida hutuma baiti 512 na kusubiri ithibati kabla ya kutuma nyingine, kwenye mtandao wa masafa marefu husuasua mno. Ndiyo maana naitumia kuleta iPXE peke yake, programu ndogo ya kuwashia mashine kupitia mtandao, na mengine yote huja kwa HTTP, njia ileile ya kurasa za wavuti.

Mstari ulionisumbua ni ule unaojibu ndiyo, mapema na kwa niaba yangu, pale kisakinishi kinapouliza kama kweli diski ifutwe. Wengi husifu usakinishaji wa aina hii kwa muda unaookolewa, nami siwapingi, ila naona wanasahau kwamba swali lile, pamoja na kero yake, lilikuwa mlinzi. Mtu aliyekaa mbele ya skrini angeona ukubwa wa diski usio wa kawaida na kusita, faili halisiti. Tena jina la diski kama sda si la kudumu, kwani kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, huyagawa majina hayo kwa kufuata diski ipi imetambuliwa kwanza, hivyo diski yenye data inaweza kulichukua leo jina lililokuwa la nyingine jana.

Kwa hiyo ulinzi nimeuhamishia kwingine. Seva ya DHCP huzielekeza kwa kisakinishi mashine zile tu ambazo anwani za kadi zao za mtandao zimeorodheshwa kwa kazi ya siku hiyo, na mashine nyingine yoyote huambiwa iwake kwa diski yake. Kabla tu ya ugawaji wa diski, hati fupi hulinganisha namba ya utambulisho ya diski na ile niliyoiandika, na zikitofautiana, kazi husimama. (Nywila, bila shaka, nimeiweka ikiwa imefumbwa, maana faili hilo husomeka na yeyote aliye kwenye mtandao ule.)

Gharama yake ni kwamba diski ikibadilishwa bila mimi kuarifiwa, usakinishaji utakwama, na nitalazimika kufungua konsoli ya mbali usiku kutafuta sababu. Nimeikubali.