Maziwa yangu yalikatika mwezi mzima, kumbe tatizo lilikuwa kwenye mpini wa dumu

Nauza maziwa hapa Nkuhungu, Dodoma, na naandika haya kwa sababu ushauri mmoja ulikaribia kunifungia biashara: "Zidisha jiki." Kila muuza maziwa niliyemuuliza alinijibu hivyo.

Ilikuwa Oktoba, lile joto la kabla ya mvua. Maziwa yanatoka Veyula alfajiri kwa bodaboda, ndani ya madumu yangu mwenyewe. Nayapima kwa spiriti, hayagandi, nayapokea. Saa nne mteja amesharudi na sufuria: yamekatika jikoni. Nikamlalamikia mzee anayeniletea, akanijibu kwa upole, "Mama, ng'ombe ni wale wale." Siku moja nilirudisha pesa za lita kumi na tano.

Mtoto wa kaka yangu anasoma mambo ya maabara. Akanitafutia mashine ya mkononi ya kupima usafi, ya mtumba, laki saba na ushee, na vijiti vyake vya pamba si chini ya elfu tano kimoja. Inatumia kimeng'enya cha kimulimuli, yule mdudu anayewaka usiku. Bakteria wana ATP ndani yao, ile kemikali inayobeba nishati kwenye chembe hai, na mabaki ya maziwa yanayo pia. Kimeng'enya kikikutana nayo hutoa mwanga, mashine inausoma kwa namba ndani ya sekunde 15 hivi: uchafu ukizidi, namba inapanda. Maabara wakiotesha bakteria unasubiri siku nzima au zaidi. Maziwa yangu hayawezi kusubiri hivyo, maana bakteria kama E. coli kwenye joto linalomfaa huongezeka maradufu kila dakika 20 hivi.

Dumu la kwanza, nililolisugua kwa mikono yangu, lilisoma 640. Nikafuata ule ushauri, nikamimina jiki bila kupima, nikasuuza juu juu. Likasoma 4! Nilipiga vigelegele hadi majirani wakatoka. Kesho yake maziwa yakakatika mapema kuliko siku zote.

Usiku ule sikulala. Asubuhi nikachukua dumu lile lile linalonuka jiki, nikadondoshea tone dogo la mtindi karibu na mdomo, nikapitisha kijiti palepale. Mtindi umejaa bakteria, ilipaswa namba ipae. Ikasoma 3. Nikarudia, 3 tena. Nikaelewa: klorini ya jiki iliyobaki inaharibu kimeng'enya, kwa hiyo mashine ilikuwa imepofuka. Nikasuuza mara tatu kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nikalipima bila mtindi: 512.

Mtoto wa kaka akasema, "Shangazi, tulikate." Tukalipasua kwa msumeno. Ndani ya mpini, ule ulio wazi katikati ambako brashi haifiki, kulikuwa na utando wa njano unaoteleza kidoleni, na harufu yake ilinitoa machozi. Kuta nazo zilikuwa na mikwaruzo ya mchanga tuliokuwa tunasugulia miaka yote, na kila mkwaruzo una uchafu wake.

Nikaachana na madumu. Nikanunua keni za alumini zenye mdomo mpana, mkono unaingia mpaka chini. Bei iliniuma, lakini wiki ile ile maziwa yalifika jioni salama. Na jamani, suuza kwanza kwa maji ya baridi. Ya moto yakitangulia, maziwa yanagandia ukutani.

Mashine haikuambii kama ni bakteria hatari kama Salmonella au ni mabaki ya maziwa tu. Vipo vijiti vya kingamwili vinavyotoa mstari kama kipimo cha malaria, vinavyotambua aina moja moja ya bakteria kwa jina, ila mimi sijavitumia. Kwa hiyo kila mteja bado namwambia achemshe.

Vijiti nahifadhi kwenye friji, navitoa mapema vipoteze ubaridi, la sivyo namba inashuka kwa uongo. Kila Jumatatu napima keni moja bila kuchagua. Jumatatu iliyopita ndani ilisoma 9, mpira wa mfuniko ukasoma 90. Nimeung'oa, na mzee wa Veyula sasa analeta mifuniko na mipira ikiwa imetenganishwa.